Kengele na Minyoo Waliojificha

Mhunzi akivunjikiwa na koleo hafungi kiwanda akaenda kulala. Hutafuta namna nyingine ya kushika chuma kingali moto. Hivyo ndivyo wahenga walivyotufunza tusikate tamaa chombo kinapotuangusha. Daktari mmoja wa wanyama aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini utamu na uchungu wake aliuonja ukubwani.

Daktari huyo alitumia miaka kutengeneza kipimo cha damu cha kugundua minyoo ya moyo kwa mbwa. Ukidondosha tone la majimaji ya damu, mstari mwekundu hujitokeza iwapo dalili inayotolewa na minyoo imo damuni. Alikipenda kama mboni ya jicho lake, hata wenzake wakamtania kwamba amejifungua bila kuwaalika.

Siku moja alijiwa na fundi cherehani, mzee aliyekuwa kiziwi, akiwa na mbwa wake jike anayekohoa. Mstari haukutokea. Daktari akampa dawa ya kifua. Haukupita muda mbwa akafa, na alipopasuliwa, moyo wake ulikuwa umesongwa na minyoo kama nyuzi zilizotatizana.

Daktari alikwenda mwenyewe dukani kwa fundi kumweleza ukweli. Alisema polepole ili mzee amsome midomo.

"Wengine wangejificha, binti yangu," fundi akasema. Kisha akamwonyesha mbwa mwingine aliyelala chini ya cherehani. "Huyu ni mtoto wake. Mteja akiingia, ananigusa goti. Ndiyo maana namwita Kengele. Naye ameanza kukohoa."

Kengele akapimwa. Mstari haukutokea.

"Nakitupa," daktari alimwambia mumewe mezani jioni ile. "Kipimo kinachosema uongo heri kisiwepo."

"Kwani yule aliyekufa, minyoo hakuwa nao?"

"Nimewaona kwa macho yangu."

"Sasa dalili yao ilikwenda wapi?"

Swali hilo likamfumbua macho daktari. Dalili ilikuwamo damuni, ila ilikuwa imeshikwa. Kingamwili, wale askari wa mwili, walikuwa wameikumbatia kwa nguvu hata kipimo kisiione. Mlinzi amemficha mwizi bila kujua! Na kingamwili haziwezi kuvumilia moto, ilhali dalili yenyewe huuvumilia.

Kesho yake alichukua majimaji ya damu ya yule mbwa aliyekufa yaliyobaki kwenye jokofu, akayapasha moto. Yakaganda kama yai. Akapima majimaji yaliyojitenga juu, mara akizidisha joto, mara akilipunguza, hadi alipopata kiasi kinachofaa. Mstari ukajitokeza. Akapasha damu ya mbwa wazima, usitokee. Hapo ndipo alipothubutu kuipima upya damu ya Kengele. Mstari ukaiva mwekundu.

Matibabu yalikuwa marefu na ya maumivu. Kengele hakuruhusiwa hata kukimbia, na fundi alishinda naye kliniki, sakafuni, akiwashonea watu nguo kwa mkono. Hatimaye kikohozi kikatoweka.

Siku ya kumruhusu, mzee alimkazia daktari macho. "Na mama yake? Kipimo hiki kingemwokoa?"

Daktari angeweza kumdanganya, lakini hakutaka. "Kingemwokoa, baba."

Fundi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Basi nenda kapime wengine."

Akaenda, na mbwa wengi waliokuwa wameambiwa ni wazima wakaitwa upya. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.