Mtungi Uliochacha

Nyumba ikipata mgeni, kuku huchinjwa, na hata mwenyeji aliyekuwa akishindia chai hupata paja. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini Euphrasie, aliyetoka Bukavu na kufika Minneapolis mwaka 2014, hakuja na kuku. Alikuja na ujuzi wa kitu kinachonuka.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Bibi Halina, ajuza wa Kipolandi aliyekonda kama sindano. Bibi alikuwa amesusa chakula. Bintiye, Krystyna, akaja kutoka Apple Valley na kutoa hukumu: "Asipokula mpaka Jumapili, nampeleka makao ya wazee." Kwa Bibi, kutolewa katika nyumba aliyoishi miaka hamsini kulikuwa sawa na kung'olewa meno yote kwa siku moja.

Si kwamba Krystyna hakujaribu. Alileta supu ya kabeji iliyochachushwa, Bibi akaisukuma. "Hiyo ya watu wa milimani." Akaleta nyeupe, ya chachu ya ngano. "Hiyo ya majirani. Kwetu Łódź ni zalewajka: viazi, na maji ya unga wa rai, nafaka kama ngano, yaliyokaa mpaka yakachacha."

"Hukaa siku ngapi, Bibi?" Euphrasie aliuliza.

"Nne, tano. Nani ana subira hiyo Amerika?"

Euphrasie alicheka. Mama yake alichachusha unga wa mtama tangu yeye hajaota meno. "Bibi, unamuuliza samaki kama anajua kuogelea!"

Jumatatu alikoroga unga wa rai na maji vuguvugu mtungini, akatia vitunguu saumu, akafunika kwa kitambaa na kuuweka karibu na hita. Alhamisi aliukuta mtupu. Kitwana, Mtanzania aliyepokezana naye zamu, alikuwa akitabasamu kama aliyefanya thawabu.

"Dada, uji wako ulikuwa umechacha. Nimekusaidia kuumwaga."

"Umeumwaga! Kitwana wewe! Si ndiyo kazi yake, kuchacha?"

"Kwetu Tanga kilichochacha hutupwa."

"Kwetu Bukavu kilichochacha ndicho kimeiva! Mtungi umeuosha?"

Kitwana aliinamisha kichwa. "Bado, dada. Nilisema nitauosha... baadaye."

"Mungu aubariki uvivu wako!"

Kuta za mtungi zilikuwa bado na utando wa chachu. Euphrasie hakulia, hakununa. Alimimina unga mpya na maji juu ya utando ule. Chachu iliyokwisha kuamka haihitaji kubembelezwa. Kufikia Jumapili asubuhi, povu lilikuwa limesukuma kitambaa.

Krystyna aliingia na sanduku mkononi wakati bakuli la zalewajka likiwekwa mezani. Bibi alionja. Kijiko kikasimama hewani. Kisha kikashuka, kikapanda, kikashuka tena, mpaka kikakwaruza kitako cha bakuli.

"Viazi vimezidi," Bibi alisema.

Euphrasie akanywea.

"Vimezidi, basi niongezee maji ya chachu!" Bibi alisogeza bakuli. "Na wewe Krystyna, sanduku hilo lina nini?"

"Ni tupu, mama."

"Vizuri. Utanibebea viazi wiki ijayo. Keti ule."

Kitwana, aliyekuwa amekunja pua mlangoni, alipewa bakuli, akaomba la pili. "Dada, na leo mtungi nisiuoshe?"

"Thubutu uuguse!"

Bibi Halina alicheka mpaka akapaliwa, akiwa kwenye kiti chake, nyumbani kwake. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.