Zimwi Lililokwisha Kuhukumiwa

Ndugu zangu, asubuhi hii ya Pasaka tumeimba kwa nguvu kwamba mauti imeshindwa. Tukitoka hapa, huenda tutapishana barabarani na watu waendao kuzika. Je, hamjawahi kuuliza moyoni: kama imeshindwa, mbona bado imesimama? Sikilizeni.

Walikuwapo dada na mdogo wake wa kiume waliotengeneza mchezo wa kompyuta. Dada aliandika programu. Mdogo wake aliucheza mbele ya watu. Ndani ya mchezo huo zimwi lilikuwa limemeza kijiji kizima, na mchezaji alipaswa kulipiga mishale hadi life, kijiji kirudi nyumbani. Mashindano yalikaribia. Mchezo utakaoshinda ungewekwa katika kompyuta za shule zote za mkoa. Utakaoganda mbele ya waamuzi ungetolewa palepale.

Na wa kwao, kila walipoujaribu, uliganda. Kwa nini? Nifuateni kwa utaratibu. Kila kiumbe kinachoonekana kwenye kioo kina nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Kiumbe kikiwa kimebeba vingine, ukikifuta, vyote vilivyomo ndani yake hufutika pamoja nacho. Basi zimwi lilipofutwa, wanakijiji waliokuwa tumboni walifutika nalo. Kisha mchezo ukabaki ukiwatafuta watu wasiokuwapo, hadi ukaganda.

"Dada, acha huruma," mdogo wake alisema. "Futa zimwi, futa na kijiji, andika 'Umeshinda'. Nani atawaulizia hao?"

"Mimi," dada akajibu. "Niliwatengeneza mmoja mmoja. Leo niwafute pamoja na aliyewameza?"

Asubuhi ya mashindano akamwambia, "Nimepanga upya kufa kwa zimwi. Ngoja nikueleze."

"Mambo ya ndani ni yako, dada. Mimi kazi yangu kupiga tu."

Ukumbi ukajaa. Kijana akaachia mshale wa mwisho, ukazama kifuani mwa zimwi. Lakini zimwi halikutoweka! Lilibaki limesimama, rungu juu, likinguruma. Watu wakaguna. Kijana akapeleka mkono kwenye swichi ya umeme.

"Usizime!" dada akapaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi.

"Nisizime nini, dada? Si unaliona? Linatuaibisha!"

"Limekwisha hukumiwa! Liache likupige, uone!"

Rungu likashuka, likampitia mchezaji wa kwenye kioo kama moshi. Halafu kinywa cha zimwi kikafunguka. Akatoka mwanamke na kikapu chake. Akatoka fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akatoka mzee akiburuta mbuzi asiyetaka kutoka, na ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi, kila mmoja aliyetoka akipigiwa yake. Wa mwisho, binti mdogo, akasita penye meno. Ukumbi mzima ukapiga kelele: "Toka! Toka!" Akaruka. Hapo, na si kabla ya hapo, zimwi likafutika, na nafasi yote lililokuwa limeishikilia ikarudi kwa walio hai. Waamuzi wenyewe wakasimama wakishangilia.

Ndugu zangu, mkono ulio kwenye swichi ni wetu sisi. Sisi ndio tunaomwambia Mungu, "Kama kaburi ni tupu, ufute uovu wote leo, kabla jua halijazama!" Haya, na aufute. Lakini ukifutwa leo, nani atakuwa bado tumboni? Mwanao aliyeacha kupokea simu zako? Jirani usiyemsalimia? Je, una hakika si wewe?

Tazameni mpangilio wa kazi ya Mungu. Kwanza, hukumu: imekwisha kutolewa. Pili, rungu: limekwisha kuondolewa nguvu. Tatu, kinywa: kimekwisha kufunguliwa, na hakuna awezaye kukifumba tena. Imebaki hatua moja, ya kulifuta zimwi lenyewe, nayo inasubiri watu. Kila siku ambayo zimwi linaendelea kusimama, tumeihesabu kuwa ni siku ya ushindi wake. Kumbe ni siku nyingine ya watu kutoka!

Kwa hiyo tukipishana na mauti hapo nje, tuinue vichwa. Inanguruma, ndiyo. Imekwisha. Na wewe uliyesita penye meno, sikia kanisa zima likikupigia kelele kwa furaha: toka!