Nyongeza ya Bi Kindi Dukani kwa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa duka!
Duka la nani?
La mwenye meno!

Basi, Bwana Fisi alikuwa na duka, na Bi Kindi alikuwa mteja wake. Mnajua desturi: ukishapimiwa mahindi, muuzaji hukutilia konzi moja juu. Hiyo ndiyo nyongeza, haki ya mteja. Fisi akaleta mtindo mpya.

"Nyongeza ya nini, shemeji? Niachie mimi. Kila nyongeza nakuandikia pointi. Pointi elfu, namlipia binti yako ada ya chuo."

Bi Kindi alikuwa na binti mmoja, Mwanasha, mwenye kichwa chepesi. Chuo kilikuwa ng'ambo ya mto, na ada yake magunia kumi ya mahindi. Kindi gani amewahi kumiliki magunia kumi? Akaiacha nyongeza yake. Akinunua chumvi, Fisi anakwaruza alama kwenye kibuyu cha Bi Kindi: kwaru! Akinunua pilipili: kwaru! Ijumaa pointi mbili, akanunua hata kofia, na masikio yake hayaingii kofia.

"Mama, pilipili ya nini tena?"

"Hiyo si pilipili, mwanangu. Hiyo ni shule yako."

Wakala pilipili miaka saba.

Mwanasha akafaulu. Chuo kikampa nafasi, mradi ada ifike kabla mwezi mpya haujaandama. Zimebaki siku tano. Bi Kindi akakimbilia dukani na kibuyu.

"Bwana Fisi, elfu zimetimia."

Fisi akakitazama, akacheka: ng'we-he-he! "Hizi za mwaka juzi? Zimekufa. Pointi huchacha, shemeji, kama maziwa."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Bi Kindi akakaa chini ya mti wake, kibuyu mapajani. Miaka saba aliipapasa kwa vidole, kwaru, kwaru, isitoe hata punje.

Asubuhi akatangaza: "Duka jipya! Mimina gunia la mahindi kwenye pango la mti wangu, upate pointi! Pointi kumi, fahali aliyenona!"

"Na mifupa yake?" Fisi akauliza, mate yanamdondoka.

"Mifupa, ulimi, mpaka mkia."

Mchezo wenyewe aliuanzisha Fisi, lakini pua ikishanusa mfupa, kichwa hakina kazi. Akaleta gunia, akamimina: chwaaa! Kindi akakwaruza: kwaru! Akaleta la pili: chwaaa! Kwaru! Chwaaa, kwaru, chwaaa, kwaru, hadi la kumi.

"Fahali wangu!"

"Una pointi moja, shemeji. Zile tisa zimekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipogeuka kufuata gunia."

Fisi akamrukia, Kindi juu! Fisi akajaribu kuingiza mkono pangoni. Tundu halikupitisha hata kiganja. Akaenda zake akitukana ukoo mzima.

Msipige makofi bado. Kindi hana mgongo wa gunia. Kindi hubeba kwa mashavu.

Yeye na Mwanasha wakajaza mashavu, wakaruka matawi, wakavuka mto, wakatema mbele ya Korongo, karani wa chuo: tu! tu! tu! Wakarudi. Siku ya kwanza, nusu gunia. Ya pili, nusu gunia. Ya tatu, fizi zinatoa damu, nusu gunia. Ya nne, jua likizama, Korongo akainua shingo.

"Bi Kindi, magunia mawili haya. Na mwezi ule pale."

"Manane yapo kwangu, Bwana Korongo. Yapo! Njoo uyaone."

"Chuo hakifuati ada mtini, bibi."

Bi Kindi akarudi. Njiani akamkuta Mwanasha anakuja, mashavu yamemvimba.

"Tema, mwanangu. Mwezi umeandama."

Mwanasha akatikisa kichwa. Hakutema. Akampita mama yake, akashika njia ya mto.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mwenye njaa aitafune, aliyeshiba amwachie mwenzake. Na funzo lake, enyi wazazi: nunueni sana, nunueni kila Ijumaa, maana duka halijawahi kumtupa mteja mwaminifu.