Kimya cha Mjuaji

Wahenga hawakuwahi kufungua barua pepe hata moja, lakini ukisikia waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, utaapa walikuwa wanamfahamu Mjuaji. Maana yao ilikuwa nyepesi: ukiugua, sema, utibiwe. Ukinyamaza kwa kuona haya, ugonjwa utajitangaza wenyewe, tena siku usiyoitaka.

Mjuaji alikuwa na jina lake, ila lilishasahaulika. Alikuwa kaka mkubwa wa Mpigapicha, na wawili hao walikuwa na studio ya chumba kimoja: pazia jeupe ukutani, taa mbili za miguu mirefu, na kompyuta iliyokoroma kama mzee aliyeshiba. Dada alipiga picha. Kaka alizisafisha, akaziweka kwenye akaunti yao mtandaoni, na katikati ya kazi hiyo akaufundisha ulimwengu. Jumapili alimkalisha mama yao kitako kwa sababu tu mama huyo alitaka kufungua tangazo la simu ya bure.

"Mama, mtandaoni habofyi mtu ovyo! Matapeli wamejaa! Tumia akili!"

Jamani, mama wa watu akaishia kuogopa hata kujibu salamu za rafiki zake.

Jumatatu asubuhi, Mpigapicha akiwa kwa mteja, barua pepe ikaingia studio. Nembo safi, rangi zile zile za kampuni inayowahifadhia picha. Nafasi yako imejaa. Picha zote zitafutwa leo. Bofya hapa, andika neno la siri, uziokoe. Mjuaji akaruka kama aliyekalia kaa la moto, maana humo mlikuwa na harusi nzima ya binti wa jirani, na memori kadi za kamera alishazifuta ili zitumike tena. Hakuisoma mara mbili. Akabofya, akaandika. Ukurasa ukawa mweupe pee.

Alijua ametapeliwa. Lakini angeanzia wapi kusema, na jana tu alimhubiria mama mpaka chai ikapoa? Akajifanya anafuta vumbi mezani.

Mpigapicha aliporudi, simu yake ilikuwa inalia meseji kama kifaranga kilichopotea. Akaunti ile aliiwekea kufuli la pili: hata mwenye neno la siri haingii mpaka apate namba inayotumwa kwenye simu yake.

"Kaka, naletewa namba za kuingilia na mimi sijaomba. Ni wewe?"

"Mimi? Mtandao tu huo, leo una wazimu."

"Umebofya kitu?"

"Mdogo wangu, unamuuliza samaki kama anajua kuogelea?"

"Sijauliza habari za kuogelea. Umebofya, hujabofya?"

"Sijabofya!"

Angembana zaidi, ila kulikuwa na mteja: mtoto mchanga wa picha ya pasipoti, ambaye kila kamera ikiinuliwa alifumba macho au alimng'ata mama yake. Basi wakati Mpigapicha anahangaika na huyo, kule pembeni barua ya pili ikamfikia Mjuaji. Kuna mtu anataka kuingia kwenye akaunti yako. Tutumie namba iliyoingia kwenye simu, tumfungie. Mjuaji akashusha pumzi, akaona dawa imepatikana. Kumbe muuza sumu ndiye huyo huyo anayepitisha dawa!

"Mdogo wangu, hebu nisomee hiyo namba ya mwisho."

"Ya nini tena?"

"Nataka kupanga picha za bibi harusi. Si anazitaka kesho?"

Na Mpigapicha, mkono mmoja unamchezeshea mtoto kijiko, akaisoma. Mwenyewe. Kwa sauti. Kaka akaituma palepale.

Mtoto hajafumbua macho bado, simu ikaita. Bibi harusi.

"Dada, mbona studio yenu inaniambia niandike neno langu la siri? Na mama mkwe kaletewa. Na shangazi!"

"Msibofye! Waambie wote, msibofye!" Akakimbilia kompyuta. Akaunti ikamkatalia. Neno la siri limebadilishwa. Akageuka polepole. "Kaka. Sema."

Mjuaji akasema, macho sakafuni. Mpigapicha akaisoma ile barua huku amejishika kichwa.

"'Mpendwa mteja'? Hawa wanatujua kwa jina miaka yote, leo tumekuwa mpendwa mteja? Na anwani ya aliyetuma, itazame! Herufi zimemwagwa kama dengu! Na lini walituomba neno la siri kwa barua?"

"Nilidhani nitarekebisha kimyakimya."

"Kutapeliwa si kosa, kaka! Anatapeliwa yeyote! Mwizi alikwama mlangoni asubuhi nzima. Ungefungua mdomo tu, tungebadilisha neno la siri, tukakucheka, tukanywa chai. Wewe ukaja kuniomba ufunguo ukamfungulie!"

Mpaka jioni walikuwa wanabembelezana na kampuni. Akaunti wakarudishiwa, lakini ndani mlifagiliwa kama uwanja. Hakuna harusi, hakuna chochote.

"Tumwambie bibi harusi mtandao unasumbua," Mjuaji akanong'ona.

"Wewe! Hujachoka? Utakwenda mwenyewe, useme kwa mdomo wako."

Kesho yake dada akamsindikiza, asije akapotea njiani kwa makusudi. Bibi harusi alifungua mlango ana nyundo mkononi, uso unang'aa. Nyuma yake, ukutani, fremu kubwa ilikuwa imeshaning'inizwa, tupu.

"Karibuni! Katikati hapa naweka ile niliyopiga na babu. Mmekuja nayo?"

Mjuaji akaangalia fremu, akamwangalia dada yake. Hakuna aliyemsaidia.

"Picha hazipo. Zimeibwa. Nilikosea, halafu nikaficha."

Nyundo ikateremka taratibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Na ungesema asubuhi, zingekuwepo?"

Mjuaji akaitikia kwa kichwa. Kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.