Kwa Nini Ngao ya Dubu Ina Nusu ya Kunguru

Nyamazeni basi, nawe unayecheka huko nyuma, sogea! Hii ni habari ya mabwana wa Ujerumani ya kale, enzi za ngome za mawe, wakati ngao ilibeba mnyama mmoja tu, mnyama wa baba. Binti akiolewa, alama ya kwao aliiacha langoni.

Ndivyo alivyoolewa Mechthild. Yeye alikuwa wa ukoo wa Kunguru, mumewe wa ukoo wa Dubu, na ndoa ile ilikomesha vita vya miaka mingi. Watu walicheza barabarani! Lakini baba yake alipofariki, kaka yake Luitold akaudai msitu ambao ukoo wa Dubu walipewa siku ya harusi. Alipokataliwa akaapa, "Yeyote mwenye dubu kwenye ngao, simwachi hai!" Mkaidi yule, loo!

Sasa sikieni balaa. Ortwin, mwana wa pekee wa Mechthild, ndiyo kwanza alikuwa amevishwa upanga, naye alipangwa mstari wa mbele wa jeshi la Dubu. Mjomba wake alikuwa hajawahi kumwona. Na vitani wale watu walifunika kichwa kizima kwa chuma, wakatambuana kwa ngao tu. Mechthild akapiga hesabu. Ndugu yake angemuua mwanawe bila kujua!

Akafungua sanduku la harusi. Ndani mlikuwa na bendera ya kunguru, ambayo mama yake aliitumia kwa siri kumfungia nguo siku alipoolewa. Akaikata, akaigongomea misumari juu ya nusu ya ngao ya mwanawe.

"Mama, watanicheka."

"Wacheke. Anayechekwa yu hai."

Uwanjani Luitold akaja mbio na farasi, mkuki mbele, moja kwa moja kwa Ortwin. Mara akavuta hatamu, farasi akasimama wima!

"Nani amekupa kunguru wetu?"

"Mama yangu, Mechthild."

"Nikimpiga dubu, nitamtoboa kunguru wangu! Vua hicho chuma nikuone, mpwa wangu."

Akavua. Pua ilikuwa ile ile ya marehemu babu. Luitold akatupa mkuki, akalia mbele ya jeshi zima, na msitu wakaugawana.

Na tangu siku hiyo, watoto wa mabwana wale hubeba na mnyama wa kwa mama. Ukiona ngao imejaa wanyama kama zizi, usicheke. Kila mmoja pale aliletwa na mama asiyetaka mwanawe auawe na mjomba wake.