Mierezi ya Nakijwa

Mjane mmoja wa milimani, jina lake Nakijwa, alikuwa na mteremko uliochimbwa mawe hata ukabaki changarawe na vichaka vichache tu. Chini yake ilikuwapo nyumba aliyoishi na wanawe, na kando ya nyumba chemchemi ya kijiji kizima. Kila masika tope liliteremka na kukaribia mlango. Nakijwa alijua kwamba mteremko usiposhikwa na mizizi, siku moja utawafukia.

Shemeji yake, Mndeme, alikuwa na upande wa pili wa kilima hichohicho. Huyu alipenda usafi na sifa. Alichoma vichaka vyote, akapanda mikaratusi ya kigeni kwa mistari iliyonyooka, nayo ikapaa. Watu walitoka mbali kuja kuitazama.

Nakijwa hakuchoma kitu. Alipanda mierezi, mti wa milima ile tangu enzi za mababu, na kila mche aliuficha chini ya kichaka upate kivuli. Katika kila shimo alitia konzi ya udongo alioutoa chini ya mwerezi mkongwe wa makaburini, maana changarawe ile haikuwa na cha kuulisha mche. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu: mwanamke analea magugu! Mndeme yeye alimwonea huruma, akamsihi aache, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

"Shemeji," alimjibu, "mimi siyapandii macho ya watu. Nakipandia kilima mti unaoijua shida yake."

Miaka ikapita. Mikaratusi ilikunywa maji ya upande wa Mndeme hadi ardhi ikapasuka, na chini yake halikuota hata jani. Kisha ikaja masika ya kutisha. Mchana kweupe upande wa Mndeme ulimeguka, ukashuka na mistari yake yote. Watu walikimbilia kwa Nakijwa na majembe, wakidhani upande wake nao umeshuka na wanakwenda kufukua maiti.

Wakamkuta yeye na wanawe wamesimama mlangoni wazima, chemchemi inabubujika, na juu yao mierezi imesimama imara kati ya vile vichaka vilivyochekwa. Ndege walikuwa wamekula matunda yake na kuotesha mingine ambayo hakuna mkono ulioipanda. Wanawake wakapiga vigelegele, kilima kikaitika! Mndeme alikuja na jembe begani kuomba miche, akapewa, pamoja na udongo wake.

Nanyi mliorithi maisha yaliyochimbwachimbwa, mvua itakapokuja itakuta mmempandia nani: kilima, au macho ya watu?