Wa Mwisho Kutoka Kwezinga

Sikilizeni vizuri, kwa sababu nikimaliza nitawauliza, na sitaki mtu aniambie kwamba hakusikia.

Palikuwa na ndugu watatu mjini Tanga, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Hoza, mkubwa wao, alikuwa na masikio. Mtu akipanda ngazi, kabla hajagonga mlango Hoza alikwisha kusema ni nani na amebeba mzigo mkono gani. Bernadeta, wa kati, alikuwa na miguu isiyosahau. Njia aliyoipita mara moja aliweza kuirudia amefumba macho. Singo, kitinda mimba, alikuwa na koo la watu wote. Aliiga sauti ya mwenye duka, ya padri mwenye mafua, ya jirani anayemgombeza mbuzi, na ukiwa chumba cha pili ungeapa kwamba jirani na mbuzi wake wameingia ndani.

Sauti moja tu alikuwa ameacha kuiiga. Ilikuwa ya mama yao, Eliwaza, aliyefariki mwaka uliotangulia.

Eliwaza alikuwa akisema kwamba mumewe akistaafu, wataenda wote likizo kwenye msitu wa Kwezinga, juu milimani. Watalala kwenye mahema, wataoga chini ya maporomoko, watawaona mbega. Alikuwa amekwisha kununua mabuti ya mpira na makoti ya mvua. Mumewe, Mzee Shemweta, akastaafu. Mabuti yakabaki kwenye boksi.

Siku moja Bernadeta akaliburuta boksi hadi mezani.

"Twende," akasema.

"Tukafanye nini?" baba yake akauliza.

"Alichosema tutafanya."

Mzee Shemweta alitazama mabuti, kisha akasogeza vikombe ili ramani ipate nafasi.

Wakapanga safari kama alivyokuwa akiipanga yeye. Singo alitaka maporomoko kwanza; Bernadeta alitaka njia ya juu.

"Dada, wewe unataka kututembeza mpaka tukonde."

"Wewe ukikonda kitabaki nini? Masikio?"

"Masikio ni ya kaka. Mimi nitabaki mdomo."

Hoza alikuwa akifunga chumvi ya kuondolea ruba, simu ikiwa begani. Alikuwa akiongea na Bi Kaluse, mama mtu mzima anayeongoza wageni Kwezinga.

"Mko wangapi?" Bi Kaluse akauliza.

"Watano," akasema Hoza.

Hakuna aliyeshtuka. Ndivyo walivyokuwa maisha yao yote. Hata siku ya safari, watoto hao watatu, watu wazima, walibanana kiti cha nyuma. Kiti cha mbele, kando ya baba yao, kilikaliwa na koti la mvua la mama yao.

Sasa, Kwezinga kuna desturi. Kabla wageni hawajavuka daraja la magogo, mwongozaji huutangazia msitu idadi yao, kwa sauti, mara moja tu. Wanaotoka sharti walingane na walioingia. Siku hiyo Bi Kaluse alitangulia alfajiri kusimamisha mahema, akatangaza kabisa ili wageni wake wasicheleweshwe.

Wakamkuta darajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Na mwenzenu?"

"Mwenzetu yupi?" akauliza Singo.

Bernadeta alimtazama kaka yake. Hoza alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nimekosea, mama," akasema. "Ni mazoea. Tuko wanne."

Bi Kaluse akaitazama miti. "Mimi nimeshasema watano."

"Si unarudi tu, unasema umekosea?" akauliza Singo.

"Nirudi kwa nani, mwanangu? Aliyeambiwa ameshasikia."

Wangeweza kugeuza gari. Lakini Mzee Shemweta alikuwa amekwisha kuvuka daraja, naye hakuwa akitazama nyuma.

Kambini Bernadeta alimfuata Bi Kaluse kwa njia ya juu kuchota maji, wakarudi. Chakula kilipoiva Bi Kaluse alipakua sahani tano za wageni, bila kueleza. Singo akacheka kidogo, akasema ya tano ataimaliza yeye. Kabla hajanyoosha mkono, ukungu ukashuka, mzito, wakawa hawaonani. Ulikaa kwa muda wa kula chakula. Ulipoinuka, sahani ya tano ilikuwa tupu, na ukingoni mbegu za pilipili zilikuwa zimetengwa moja moja, zimepangwa mstari.

Katika nyumba yao alikuwepo mtu mmoja tu aliyetenga mbegu za pilipili.

Mzee Shemweta alizitazama. Ukungu uliposhuka tena alisimama, akafunga koti, akauingia kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Walipomkosa, Bi Kaluse aliwaambia ukweli. "Msitu unajaza idadi. Watano ni watano. Lakini baba yenu akimfuata yule wa tano hadi mwisho, huko hakuna wa kuhesabu."

Hapo Hoza akafanya lake. Matawi yaliyovunjika yalielekea korongoni, na wote walikuwa wakikimbilia huko. Hoza akawashika mashati. Akapiga magoti, akafumba macho. Msitu mzima ulikuwa ukidondoka maji, mto unaguruma chini, na ndani ya kelele zote hizo akalitafuta buti la baba yake, la kushoto, linaloburuta.

"Hayuko korongoni. Anapanda," akasema. Kisha akafumbua macho. "Na hayuko peke yake. Kuna mtu mbele yake amevaa kandambili, kama za Mama."

Hapo Bernadeta akafanya lake. Hakuna aliyeweza kuuona hata mkono wake mwenyewe. Lakini njia ya juu alikuwa ameipita, akifuata ndoo ya Bi Kaluse. Akawaambia wamshike koti, akaanza kupanda. "Hapa inueni mguu, kuna mzizi. Hapa baneni kulia, kushoto hakuna ardhi." Singo alidondosha jiwe upande wa kushoto, asilisikie likifika. Hoza, mwenye masikio, alilisikia, na hakumwambia baada ya muda gani.

Wakamkuta baba yao juu ya maporomoko, maji yanapoanza kuanguka. Hoza akamshika mkono. Mzee Shemweta akauondoa kwa adabu, kama unavyouondoa mkono wa mtu usiyemjua.

"Samahani," akasema, "nimeitwa." Akapiga hatua, maji yakaingia kwenye buti.

Hapo Singo akafanya lake. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu mazishi, pamoja na ule uchovu wake wa jioni.

"Baba Hoza. Chai inapoa."

Bernadeta akajiziba mdomo kwa kiganja. Mzee Shemweta akasimama. Maji yalimpita pande zote mbili. Kisha akageuka, akatoka mtoni, akamshika Singo begani, wakashuka.

Bi Kaluse aliwangoja mahali miti inapoanza kupungua, daraja likionekana chini.

"Mmeingia watano," akasema, "mtatoka watano. Huyo wa tano atawasindikiza hadi magogo ya kwanza, nyuma ya atakayetembea wa mwisho. Huyo wa mwisho anaweza kuzungumza naye kuanzia hapa, naye atajibiwa. Asigeuke. Walio mbele hawatasikia kitu. Akikanyaga daraja, yamekwisha."

"Tukirudi mwakani?" akauliza Bernadeta.

"Mwakani mtasema wanne."

Inafaa mjue kwamba Eliwaza alifariki mchana, usingizini, na kila mmoja wao alidhani mwenzake yuko chumbani. Hakuna aliyemuaga.

"Mimi," akasema Hoza. "Bila mimi mngekuwa bado korongoni mnaita."

"Ulisikia, ukasimama," akasema Bernadeta. "Masikio yako yangetusaidia nini kwenye ukungu ule? Niliyewafikisha ni mimi. Na wewe ndiye uliyesema watano. Baba alitaka kufa kwa sababu ya ulimi wako."

"Nisingesema watano, hapa tungekuwa tunagombania nini?"

Bernadeta akageuza uso kuelekea darajani.

"Mlifika, sawa," akasema Singo. "Mlifika mkamshika, akawaomba samahani. Aligeuzwa na nani?"

Mzee Shemweta alikuwa amekaa kwenye gogo, anamwaga maji kutoka kwenye buti.

"Singo, uliita mara ngapi?"

"Mara moja, Baba."

"Mimi nimesikia mara mbili. Ya chai ilikuwa wewe. Najua sauti yako, mwanangu, hata ukiazima ya mtu. Kwa ile ya kwanza nilisimama tu. Niligeuka kwa ya pili."

"Ya pili ilisemaje?"

"Ilisema, mwitikie mtoto."

Wote wakamtazama Hoza. Hoza akatikisa kichwa. Hakuwa amesikia sauti ya pili.

"Basi ni Mama aliyemrudisha," akasema Bernadeta polepole, "si wewe."

"Angesema aitikiwe nani, kama mimi sijaita?"

Kisha Hoza akasema lililobaki. "Baba, wewe ndiye mumewe. Tembea wewe wa mwisho."

Mzee Shemweta alivaa buti lake, akakaza koti.

"Hapana," akasema. "Nikiwa nyuma sitavuka. Na msiniambie nichague kati yenu, sitaweza." Akaanza kushuka kuelekea darajani, Bi Kaluse kando yake.

Ukungu ulikuwa ukirudi, na njia hapo ni nyembamba, haipitishi wawili sambamba. Nyuma ya wale ndugu watatu matawi yakaacha kudondoka maji, moja baada ya jingine, karibu zaidi kila mara, kama yanayompisha mtu.

Basi mnaosikiliza, nimewaambia yote niyajuayo. Aliyesikia, aliyeongoza, aliyeita: hata mmoja angekosekana, baba yao asingetoka. Wa kutangulia lazima watangulie sasa. Ingekuwa juu yenu, nani mngemwacha atembee wa mwisho?